Tone Moja la Udi Mkononi mwa Mke

Tangu saa tatu asubuhi mke wa fundi wa manukato alikuwa kitini, mkono wa kushoto juu ya mto, kama mgonjwa aliyetundikiwa dripu. Mumewe alikuwa amempaka tone moja la mafuta ya udi kwenye kifundo cha mkono na kumpa masharti: asinawe, asipike, asijikune.

Saa nane angekuja mama mwenye duka kubwa la manukato. Fundi alikuwa amehangaika na mchanganyiko huo miaka miwili, wenye maduka watatu wakaukataa, na huyu ndiye aliyebaki. Shida ni kwamba udi wa kweli ukipakwa tu hunuka zizi la mbuzi. Mpaka ngozi iupashe joto saa kadhaa, ndipo utulie na kutoa utamu. Wanunuzi hawana subira hiyo, kwa hiyo safari hii aliuanza mapema.

"Baba watoto, sufuria inaungua."

"Naiona."

"Na hivyo vitunguu unavikata au unavipiga?"

Fundi aliendelea kukata. Kila nusu saa alikuja kunusa. Saa nne, zizi. Saa sita, mbao na moshi kidogo. Saa nane kasorobo aliinama, akafumba macho, akakawia.

"Rudi nyuma," mkewe akasema. "Utaniharibia kazi kwa vitunguu vyako."

Mama mwenye duka alikuja, akanusa mkono ule, akatabasamu. Kisha akakunja mkono wa gauni lake. "Nipake na mimi."

Hilo fundi hakuwa amelipanga. Akampaka. Mama akanusa, uso ukamkunjamana, akashika mkoba wake. Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Kaa kwanza, dada," mkewe akasema. "Huyu mwenyewe, wiki ya kwanza ya ndoa, nilishafunga mizigo yangu. Mkali, mbishi, hacheki. Nikasema acha ningoje kidogo. Ilichukua miaka mitatu."

"Na sasa?"

"Sasa asipokuwepo usingizi hauji. Ila usimwambie, atavimba kichwa."

Fundi alikuwa amesimama papo hapo. Katika miaka ishirini na sita hakuwahi kuambiwa neno kama hilo, na furaha ilimjaa mpaka akaanza kufuta chupa isiyo na vumbi. Mama mwenye duka alicheka, akaweka mkoba chini.

Saa kumi na moja alikuwa bado yupo, pua mkononi, na fundi alipomuuliza anauonaje, aliinua kidole kumnyamazisha.