Nitarudi Kwenu

Mzee Gerishom aliposikia kwamba binti yake amepata mchumba huko Dubai, na kwamba mchumba huyo anaitwa Karani, alifurahi hata akajiongezea sukari kwenye chai. Karani ni jina la watu wa kwao Meru. Zaidi ya hayo, yeye mwenyewe alikuwa karani wa kiwanda cha kahawa mpaka alipostaafu, na hakuna kazi aliyoiheshimu kuliko hiyo. Simu ilikuwa inakatikakatika, kwa hiyo hakuuliza mengi.

Terry, ambaye nyumbani huitwa Kendi, alilisikia kosa hilo likitoka mdomoni mwa baba yake. Yeye hakusema Karani. Alisema Ciarán, jina la Kiairishi, ambalo likisafiri kwa simu mbovu kutoka Dubai hufika Meru likiwa Karani. Alijiambia atalisahihisha Jumapili. Lakini Jumapili ilipofika, baba alikuwa ameshawatangazia wazee wa ukoo, na binti akaona heri mzee amwone kijana kwanza, ampende, ndipo aambiwe.

Ciarán alikuwa fundi wa programu za kompyuta katika ofisi moja ya mtaa wa Silicon Oasis, na Terry alikaa mapokezi ya ofisi hiyohiyo. Kiswahili alifundishwa na Terry, na kingine akakiokota kwa walinzi wa Kikenya mlangoni. Alikiongea na makosa yake yote, bila haya.

Mahari ilipangwa Jumamosi ya mwisho ya Agosti. Mzee alitoa sharti moja.

"Karani aje mwenyewe. Mambo ya kutuma wajomba na salamu sitaki. Asipofika, nitajua hamtaki binti yangu, na mazungumzo yatakuwa yameisha."

Ijumaa moja, wiki mbili kabla ya siku hiyo, Ciarán alikuwa mtaa wa Karama, katika chumba ambacho Terry alipanga pamoja na Milly, msusi kutoka Kitale. Walikuwa wanakula ugali na sukuma wiki. Milly ndiye aliyeuliza.

"Shemeji, viza umeshapata?"

"Viza gani?" Ciarán akacheka. "Mimi Mwairishi."

Hakusema kwa majivuno. Ndivyo alivyoijua dunia. Alikuwa amekwenda Tailandi, Japani, Brazili na Afrika Kusini, na kote huko pasipoti yake ya rangi ya damu ya mzee ilifunguliwa, ikagongwa muhuri, ikafungwa. Safari moja yeye na Terry walikwenda Omani kwa gari. Ciarán alivuka mpaka akiwa bado anatafuna karanga, Terry akabaki kwenye benchi na bahasha yake ya makaratasi. Ciarán alirudi dirishani akamwambia askari, "Huyu yuko na mimi." Haikusaidia kitu. Safari iliishia pale kwenye benchi.

Milly alikuwa ameshika simu, anasoma. Ghafla akapanda juu ya kitanda.

"Terry! Aki njoo uone! Ayalandi wako kwa orodha! Mzungu anaomba viza!"

Akapiga vigelegele mpaka jirani wa Kihindi akagonga ukuta.

"Uongo," akasema Ciarán.

"Uongo gani? Soma mwenyewe. Mpaka picha wanataka. Na usicheke, shemeji. Kwa picha ya viza hakuna kucheka. Sisi kununa tumeshazoea, wewe anza mazoezi leo."

Terry naye alicheka hadi machozi yakamtoka. Kisha akasoma zaidi, na kicheko kikamkauka. Anayekwenda kutembelea jamaa alitakiwa awe na mwenyeji Kenya, atakayemwandikia barua ya mwaliko na kutoa nakala ya kitambulisho chake.

"Yaani kafeel," Milly akasema, akishuka kitandani taratibu. Dubai hakuna mgeni asiyelijua neno hilo. Ni mdhamini, yule ambaye bila jina lake huna kazi wala kitanda. "Mzungu leo anatafuta kafeel. Na kafeel mwenyewe ni baba yako."

Terry akapiga simu, akaiweka kwenye spika ili wote wasikie.

"Baba, tunaomba barua ya mwaliko. Na nakala ya kitambulisho chako."

"Ya nini?"

"Ya viza ya Ciarán."

"Karani ana haja gani na viza kuja Meru?"

"Baba, si Karani. Ni Ciarán. Ni Mwairishi."

"Waairishi ni kabila la wapi?"

"Ni Mzungu, Baba. Wa Ayalandi."

Terry akatazama simu kuona kama imekatika.

"Ayalandi," sauti ikarudi, ikiwa ya chini. "Si ndiko walikokunyima viza wewe?"

Ndiko. Mwaka uliotangulia Terry aliomba kwenda harusi ya kaka yake Ciarán. Mzee alidhani kaka huyo ni Mmeru aliyehamia huko, kama wengi. Terry alipeleka barua ya kazi, akapeleka hesabu za benki, na jibu likaja kwamba hawakuridhika kwamba atarudi kwao. Maneno hayo yalimwingia baba yake kama mwiba wa mkonge. Kwa miezi alikuwa akiyarudia peke yake kwenye migomba: Mtoto wangu ana mama, ana shamba, ana kanisa. Asirudi kwao aende wapi?

"Sasa wao ndio wanataka kitambulisho changu," mzee akasema, na simu ikakatwa.

Ciarán alikuwa ameelewa ya kutosha. Alisukuma sahani pembeni. "Asipoandika?"

"Basi hakuna viza," Terry akajibu. "Na usipofika, hakuna harusi. Baba yangu hasemi jambo mara mbili."

Jumamosi ikapita, Jumapili ikapita. Meseji pekee ilitoka kwa mama yake Terry: *Baba yako hasemi. Anapiga pasi koti.*

Jumatatu jioni, wote watatu wakiwa Karama, mzee alipiga simu ya vidio. Alikuwa ameketi mezani, amevaa lile koti alilovaa kiwandani, kalamu mfukoni, karatasi mbele yake. Milly alipoliona koti akapiga vigelegele.

"Mlete huyo mtu aketi hapo mbele. Wewe Kendi kaa pembeni. Na huyo mwenzako wa vigelegele anyamaze."

Milly akajiziba mdomo kwa mikono miwili.

"Kiwandani," mzee akaanza, "hatukupima kahawa ikiwa ndani ya gunia. Mkulima aliimwaga chini, tukaichambua, ndipo ikapanda mizani. Umeelewa?"

"Kidogo, Baba."

"Utaelewa yote. Jina?"

"Ciarán."

"Rudia."

"Ciarán."

Mzee akaandika, akasoma alichoandika. "Karani. Kazi?"

"Kompyuta."

"Nauli analipa nani?"

"Mimi."

"Kwenu wanalima nini?"

"Viazi. Na ng'ombe wa maziwa."

Kwa mara ya kwanza mzee aliinua uso. "Ng'ombe gani?"

"Friziani."

"Mnakamua kwa mkono ama kwa mashine?"

"Mashine. Lakini baba yangu alinifunza mkono. Alisema siku moja stima itapotea."

Mzee akakohoa, kikohozi cha mtu anayeficha jambo. "Hata hapa hupotea," akasema, akaandika maneno ambayo hayakuhitaji kuandikwa. Kisha akavua miwani.

"Swali la mwisho. Hili walimwuliza mtoto wangu, na jibu lake hawakulitaka. Wewe nijibu kwa mdomo wako. Tutaridhika vipi kwamba utarudi kwenu?"

Ciarán akanyoosha mgongo. Alilishika swali kama mwanafunzi ashikavyo sentensi ya mwalimu, akalirudisha kama alivyolipokea.

"Baba, nitarudi kwenu."

Terry akafumba macho. *Kwetu.* Alipaswa kusema kwetu. "Baba, alitaka kusema..."

"Nyamaza, Kendi. Usimsahihishe." Mzee alikuwa amesogea karibu hata paji la uso likajaa kioo kizima. "Sema tena, kijana."

Ciarán alimtazama Terry. Aliona macho yaliyofumbwa, akaona midomo inayounda neno lingine, na akajua amekosea wapi. Akageuka kwa mzee.

"Nikienda kwetu," akasema polepole, "nitarudi kwenu."

Mzee Gerishom akageuza shingo, akaita kwa sauti iliyojaa nyumba nzima:

"Mama Kendi! Umesikia? Huyu amesema atarudi kwetu!"

Akavaa miwani. Akachukua kalamu, akapiga mstari chini ya karatasi, akasema neno moja kwa uzito wa ofisi yake yote ya zamani.

"Tumeridhika."

Milly alikuwa anachemka kama sufuria yenye kifuniko. "Huyo naye," mzee akasema, "mwache sasa apige." Jirani wa Kihindi aligonga ukuta, na safari hii Milly naye aliugonga kutoka upande wake.

Baadaye Terry alimwuliza Ciarán kama lile la pili lilikuwa kosa au la.

"Kosa nililiona usoni mwako," akajibu. "Lakini lilikuwa zuri kuliko nilichotaka kusema."

Barua ilifika kama picha iliyopigwa kwa simu, mwandiko ulionyooka kama mistari ya kahawa: *Mimi Gerishom namwalika, namdhamini, na nitamlisha.* Viza nayo ikatoka. Ciarán aliichapa, akaionyesha kwa walinzi wote wa ofisini. Wakampa mkono mmoja mmoja. "Karibu kwa foleni, ndugu yetu," wakamwambia.

Siku ya safari, kwenye kaunta ya uwanja wa ndege, Terry alikuwa ameshaitoa bahasha yake kwa mazoea: kibali cha ukaazi, barua ya kazi, vyote vimepangwa. Dada wa kaunta aliifungua pasipoti ya Kenya, akatazama picha, akairudisha. Bahasha hakuigusa.

"Unakwenda nyumbani, madam. Safari njema."

Terry akabaki ameishika bahasha hewani.

"Na wewe, sir? Una viza ya Kenya?"

Ciarán akapapasa mfuko wa shati, akapapasa wa suruali, akaipata karatasi, akaikunjua kwa uangalifu. Dada akaisoma toka juu hadi chini. "Na huko unakokwenda, mwenyeji wako ni nani?"

Ciarán akafungua kinywa, lakini Terry alikuwa ameshaweka kiwiko juu ya kaunta, na uso wake unang'aa kama wa bibi harusi.

"Ni baba yangu," akasema. "Huyu yuko na mimi."