Mkalimani wa Mawimbi Marefu

Mdomo wa Mama Kibonge ulikuwa na tabia ya kutangulia akili, na asubuhi ile ulitangulia mbali sana.

Walikuwa mezani. Babamkwe alipuliza chai yake, akasema bila kumtazama mtu kwamba Jumamosi, saa sita mchana, wanauzima mnara. Hakuna aliyeuliza mnara gani. Katika nyumba ile mnara ulikuwa mmoja tu, ule wa kiwanja kidogo cha ndege, unaorusha mlio wake usiku na mchana ili rubani aliyemezwa na mawingu ajue kiwanja kiko wapi. Mzee aliutunza tangu ujana wake hadi alipostaafu. Mamamkwe aliuita mke mwenzangu, maana, alisema, hakuna mwanamume anayelala nje kiasi kile halafu adai hana ndoa nyingine.

"Siku hizi ndege zina vyombo vyake, mnara wa nini," alisema mzee. "Ila ningependa kuusikia unavyonyamaza. Basi tu. Lakini ndiyo hivyo, mkalimani amekufa."

"Nitamfufua, Baba," alisema Mama Kibonge.

Vikombe vyote vilisimama njiani. Mumewe alimtazama kama anayetazama mtu akishuka ngazi ambayo haipo.

"Injinia amesema," alisema mamamkwe, akaendelea na mkate wake.

Jina la Injinia Mama Kibonge alilipata siku alipojiandikisha darasa la jioni la ufundi wa redio. Tangu hapo, ukimweka pembeni Kibonge, binti wa mwaka mmoja na mashavu kama maandazi, kazi zake zilizokamilika zilikuwa mbili. Moja ni waya wa umeme aliouunga vizuri. Ya pili ni pasi ya nyumbani, ambayo tangu aitengeneze haipati moto, lakini taa yake inawaka vizuri sana.

Mkalimani kilikuwa kisanduku cha bati, kama kasha la viatu vya mtoto. Redio ya mzee, ile kubwa ya valvu, vitaa vya kioo, inayohitaji kupata joto kabla ya kusema neno, ilisikia mawimbi mafupi peke yake. Mnara ulisema kwa mawimbi marefu. Kwa hiyo kisanduku kilikaa katikati, kikachukua maneno ya mnara na kuyapandisha juu, mahali ambapo redio ingeyaelewa. Ndiyo kazi ya mkalimani. Huyu alikuwa kimya miaka mingi, juu ya kabati, chini ya vitambaa.

Mama Kibonge alipokifungua alikuta vumbi, valvu moja nyeusi kama chungu, na kapasita zilizovimba zikatoa uji. Zile alizijua. Mwalimu wa darasa la jioni alisema kapasita kuukuu ni kama maziwa ya jana, usijaribu kuonja, mwaga. Akamwaga. Akalehemu mpya jioni hadi jioni, Kibonge akiwa amefungwa mgongoni na kuvuta nywele kila mama alipokosea, au hivyo ndivyo mama alivyoanza kuamini. Valvu nyingine aliipata kwa fundi wa sokoni, ndani ya kopo la misumari.

Ijumaa mchana kisanduku kiliwaka. Kilichobaki, alijiambia, ni usafi. Akachukua spiriti na pamba akasugua bati, akasugua swichi, kisha kwa kuwa mkono ulishanogewa akaisugua na redio yenyewe, mpaka kioo cha namba kikang'aa kama macho ya bibi harusi.

Mzee alikuja kutazama. Aliinama hadi pua ikagusa kioo.

"Alama yangu nyekundu iko wapi?"

"Alama gani, Baba?"

"Ya rangi ya kucha. Ya mama yako. Niliiweka pale mnara unapotokea."

Mama Kibonge alitazama pamba iliyokuwa mkononi. Ilikuwa na doa jekundu, zuri, la mviringo. Alitamani sakafu ifunguke, lakini sakafu ilikuwa ya saruji.

"Imeng'aa lakini," alisema mzee kwa upole, na upole ule ulimuuma kuliko kofi.

Jumamosi asubuhi sebule ilijaa kama kuna msiba. Mzee kwenye kiti chake, kidole kikigonga mkono wa kiti: mrefu, mfupi, mrefu, mfupi, mrefu. Ndivyo mnara ulivyojitaja, herufi mbili, miaka yote. Mamamkwe na mafumwele yake ya kufumia sweta. Mume na Kibonge magotini.

"Hesabu ni rahisi," alitangaza Injinia. Ndani ya kisanduku mlikuwa na kristali, kijiwe kinachotoa wimbi lake, yenye namba yake ya kuanzia. Ongeza namba ya mnara, utapata mahali pa kutafuta kwenye redio. Akaongeza. Akazungusha mshale hadi hapo.

Kkkkhhhrrrr, ilisema redio.

"Huyo ndiye mnara?" aliuliza mamamkwe. "Amezeeka kuliko sisi."

Injinia alirudia hesabu. Akapeleka mshale mbele, akarudisha nyuma. Mkoromo mtupu, isipokuwa mahali pamoja, mbali kushoto, ambapo redio ilinyamaza ghafla kana kwamba imetiwa mkono mdomoni. Mahali pale alipajua, na alipachukia. Palitokea tangu kisanduku kiwake, na alikuwa na hakika kwamba ni lehemu yake mbaya. Usiku wa jana alirudia viungo vyote kwa ajili ya shimo lile la ukimya, na shimo halikusogea.

"Labda ni kelele za umeme," alisema mumewe. "Friji, chaja..."

"Ndiyo!" Alirukia neno kama mtu anayezama arukiavyo ubao. "Mawimbi marefu yanaharibiwa na vitu vya umeme. Zimeni kila kitu! Kila kitu, jamani, muda unakwenda!"

Mume, ambaye katika ndoa yao alishajifunza kutii upesi, alikwenda moja kwa moja kwenye meni swichi akaishusha.

Friji ikazima. Taa zikazima. Feni ikapunguza mwendo, ikasimama. Na redio, ambayo nayo ilikula umeme kama wenzake, ikafa na mshale ukiwa kwenye shimo la ukimya.

Palikuwa kimya kweli kweli.

"Kelele zimekwisha," alisema mamamkwe. "Hongera, mwanangu."

Kibonge alicheka. Mzee hakucheka. Aliitazama saa ya ukutani, ambayo haikuhitaji umeme na haikusubiri mtu.

"Washa! Chomoa friji, chomoa chaja, kisha washa!" alilia Mama Kibonge. Mume akakimbia. Umeme ukarudi, valvu zikaanza kuona haya, nyekundu polepole. Yeye alipiga magoti mbele ya redio, hana la kufanya ila kusubiri zipate joto na kujitukana moyoni. Injinia wa pasi.

Redio ilitangulia kupata joto. Ikakoroma pale pale ilipoachwa, kwenye shimo. Ikakoroma kwa nguvu.

Akainua kichwa. Pale hapakuwa mahali pa mkoromo. Kisanduku kilikuwa bado kinachelewa, ile valvu ya kopo la misumari ikijikokota. Kisha nayo ikashika rangi, na mkoromo ukapungua, ukapungua, ukanyamaza.

"Ni yeye," alisema.

"Nani?"

"Mkalimani! Shimo ni lake. Kristali yenyewe ndiyo inayosikika hapa, inaifunika kelele. Hapa ndipo anapoanzia kuhesabu, na mimi tangu jana namziba mdomo!" Aliweka kidole kwenye kioo. Kulingana na namba zilizochapwa, mwanzo ule ulipaswa kuwa vidole viwili kulia. "Namba za redio ndizo zinazodanganya. Kamba ya mshale imelegea. Ndiyo maana Baba aliweka alama."

"Basi sogea vidole viwili kushoto ya hesabu yako," alisema mumewe.

"Nyamaza, Baba Kibonge, nilikuwa nalisema mimi hilo."

Akasogea. Vidole viwili, kisha unywele mmoja zaidi. Mkoromo, safari hii mwembamba, kama mchanga unaomwagwa. Na chini ya mchanga, mbali:

Piii, pi, piii. Pi, piii.

Kidole cha mzee kiliacha kugonga. Mnara ulimgongea. Alifumba macho, akainamisha kichwa upande, kama mtu anayesikiliza hatua za mwenzi wake uani. Mamamkwe aliweka fumwele chini.

"Bado anajitaja tu," alisema taratibu. "Hana hata habari."

Mama Kibonge alishika kifundo cha kuzungushia mshale bila kupumua, kana kwamba akilegeza mkono ndege zote zitapotea. Piii, pi, piii. Pi, piii. Piii, pi...

Ukabaki mchanga.

Mzee akajifuta macho kwa kiganja, waziwazi, bila kusingizia vumbi.

"Mama," alimwambia mkewe, "ile rangi ya kucha bado unayo?"

Chupa ililetwa. Akampa mkazamwana wake.

"Weka alama."

"Lakini Baba, hapa hakuna kitu tena."

"Najua. Weka. Nataka niwe napajua."

Akachovya brashi, akakaza mkono, mkono ule ule uliolehemu kapasita bila kuunguza nyumba. Kibonge, kutoka magotini kwa baba yake, akavuta nywele. Brashi ikateleza, na alama nyekundu ya mzee ikavuka kioo kutoka upande mmoja karibu kufika mwingine.

Mamamkwe aliinama akatazama.

"Sasa hii," alisema, "hata rubani angeiona."

Mama Kibonge alinyoosha mkono kuchukua pamba na spiriti. Sebule nzima, pamoja na mzee, ikapiga kelele kwa sauti moja: "Acha!"