Ngumi Iliyompita Dionizi

Ngumi ile haikumfika Dionizi. Ilimpita juu ya bega, Ngusa mwenyewe aliyeirusha aliisikia ikiishia hewani, lakini Dionizi alilala chali, mikono kaitawanya, mpaka refa akamaliza kuhesabu. Watu wa Ikola, waliokuja Mpanda na lori kumshangilia mtu wao, wakarusha chupa za maji na kupiga kelele kwamba pambano limeuzwa. Watu wa kwao Mwamkulu wakambeba Ngusa juujuu pamoja na mkanda wake wa ubingwa wa mkoa. Alitaka kulia kwa hasira. Mwaka mzima alijifua ili ajue kama yeye ni bondia kweli. Sasa angejuaje?

Alimbana promota, Ambrosi, kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Ambrosi wala hakuficha.

"Nimemlipa alale, ndiyo. Haya, nenda kaseme! Mwenye mkanda ni nani, mimi au wewe? Utafungiwa maisha, na hakuna atakayeamini kwamba hukujua."

Basi akaona heri aseme nyumbani. Kwa baba yake, mzee Mabula, fahali alishachinjwa na ukoo mzima umejaa uani. Ngusa akasimama katikati yao.

"Baba, mimi sikumshinda yule mtu. Ngumi haikumgusa. Kaanguka mwenyewe."

Mzee akacheka mpaka machozi.

"Mmemsikia nyie? Haikumgusa!"

Akamgeukia mganga aliyemchanja Ngusa chale za dawa mikononi kabla ya pambano, kama wanavyochanjwa wacheza ngoma wanapokwenda kushindana. Mganga, mdomo umejaa nyama, akainamisha kichwa kwa unyenyekevu wa uongo. Kina mama wakapiga vigelegele. Kadiri Ngusa alivyoapa, ndivyo dawa ilivyozidi kusifiwa. Na chale zenyewe, maskini, alizikubali kumridhisha baba tu.

Akabaki mtu mmoja wa kumsaidia. Siku chache baadaye Ngusa alipanda gari la Ikola, akamkuta Dionizi anaanika dagaa kando ya ziwa.

"Tupigane hapahapa mchangani," alimwambia. "Hakuna refa, hakuna mkanda. Unipige kweli, nikupige kweli. Nataka kujua tu, ndugu yangu."

Dionizi akatazama nyuma, kisha akanong'ona.

"Niliporudi walitaka kunichoma moto, kaka. Halafu habari za dawa yako zikafika huku. Sasa wananipa pole. Nikipigana na wewe hapa nisianguke, si watajua niliuza?"

"Na mimi je?"

Majirani walishaacha kazi zao, wanawatazama. Dionizi alipowaona, uso ukambadilika. Akaanza kurudi kinyumenyume, anakanyaga dagaa wake mwenyewe, mikono juu.

"Jamani, huyu hapa! Kanifuata na madawa yake! Nisaidieni!"

Kina mama wakawaita watoto ndani. Wavuvi wakashika makasia, lakini hakuna aliyethubutu kumkaribia. Ngusa alisimama pale ufukweni, ngumi kazikunja, na kila alipomsogelea mtu amweleze ukweli, mtu yule alikimbia.