Benchi la Nje

Dada yangu ni profesa. Naanza na hilo kwa sababu nina haki ya kuringa, na kwa sababu yeye mwenyewe hatakuambia. Ukimuuliza kazi yake atasema "nafundisha", kisha atakugeuzia maswali mpaka ujikute unamtajia jina la babu yako na alikozikwa. Nyumbani tulimpachika jina la Kwanini kabla hajamaliza kuota meno, na halijamtoka mpaka leo ana mvi.

Sisi ni watu wa Juu, wenyeji wa kwanza wa nchi hii. Wengine wote walitukuta. Walipotukuta waliipenda ardhi yetu kuliko walivyotupenda sisi, wakatusukuma milimani kwenye mawe, na huko tukaitwa wachimba mizizi. Rangi yetu na sura zetu hazifichiki. Mimi ni msusi, nina saluni yangu mjini, na wapo wateja ambao wakiingia wakaona mwenye kitana ni mimi, ghafla hukumbuka wameacha jiko linawaka. Huwa nawahimiza wakimbie, nyumba isije ikaungua.

Basi, hospitali ya wilaya ina chumba cha mapokezi chenye viti, feni na dirisha la karani. Nje, kando ya mlango, palikuwa na benchi la mbao, mahali pale pale ambapo bati humwaga maji mvua ikinyesha. Watu wa Juu tulikaa hapo. Hapakuwa na kibao wala sheria, na hakuna nesi aliyewahi kutamka. Ulifika, ukakaa, ukangoja wa ndani waishe. Eti mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni walikuja tele, na mwenyeji yuko benchini na kikohozi chake.

Kwanini alikuwa mtoto mdogo alipouliza, "Mama, mbona ndani kuna viti vitupu?"

Mama akamfinya paja. "Kaa."

"Nani kasema tukae hapa?"

Akafinywa tena. Mimi nilikuwa mgongoni kwa mama, kwa hiyo haya nimesimuliwa. Lakini hilo paja nalijua. Mpaka leo dada yangu akikutana na jambo lisilo na jibu, mkono wake unakwenda pale pale na kupasugua.

Alisoma kwa swali hilo. Alikuwa wa kwanza katika watu wetu kuingia chuo kikuu, na mlinzi wa maktaba alimdai kitambulisho kila asubuhi, huku wenzake wakipita wanacheka. Kwanini hakugombana. Alikaa karibu na mlango siku kadhaa, akaandika nani anasimamishwa na nani anapita, na hiyo ikawa kazi yake ya kwanza ya darasani. Mwalimu wake aliipa alama za juu na mlinzi akahamishiwa getini. Baadaye alichunguza kwa nini watoto wetu hukalishwa nyuma darasani, kisha kwa nini vijana wetu wenye vyeti huajiriwa kubeba mizigo. Alichokitafuta kote ni kile kile: ubaguzi usio na amri, ule ambao ukimuuliza kila mtu atakuambia hajui ulianzaje.

Na alikuwa hodari, jamani. Nimewahi kukaa nyuma ya darasa lake nikamwona akiongea bila karatasi, na wanafunzi ambao baba zao wanatuita wachimba mizizi wanaandika mpaka vidole vinawauma. Nilitaka kusimama nipige vigelegele. Aliniona, akanikazia macho, nikatulia.

Ila alikuwa na tabia moja iliyokaribia kumzika kikazi. Akishamaliza kuandika jambo kuhusu watu, kabla halijachapwa, alirudi kwao akawakusanya na kuwasomea kwa sauti, kwa maneno ya kawaida. Yeyote aliyesema "Nitoe" alitolewa. Kwanini, ambaye hajawahi kuacha jambo lipite bila kuuliza sababu, hapo tu hakuuliza. Alikata, akasema asante, akaendelea kusoma.

Wenzake hawakuwa na shida hiyo. Walikwenda na vinasa sauti, wakauliza, wakaondoka, wakachapa, wakapanda vyeo. Dada yangu alibaki katika ofisi ya mwisho wa ukumbi, jirani na mashine ya kurudufu inayonguruma kutwa, chumba ambacho mlango haufunguki wote kwa sababu ya kabati. Mkuu wa idara, ambaye mimi namwita Bwana Miwani kwa kuwa ana moja machoni na nyingine kwenye kipaji cha uso, alikuwa mwanafunzi wa chini yake zamani. Wakati ule yeye ndiye aliyekuwa profesa, na kila akipita pale alimwita "dada yetu mpole". Upole gani! Huyo hajui tofauti ya mpole na aliyeungua akanyamaza.

Kitabu kikubwa cha dada yangu kilihusu hospitali. Alikifanyia kazi kwa miaka mingi, na moyo wake ulikuwa sura ya benchi: nani alikaa, nani alimwonyesha mwenziwe akae, nani alizidiwa akiwa pale. Mama alikuwamo. Alikuwa na mimba iliyonifuata mimi, akangoja benchini mvua ikinyesha mpaka mimba ikaharibika. Kwanini aliandika hayo kwa maneno machache sana. Nilisoma nikafunga saluni mapema.

Bwana Miwani alisoma pia, na sitamnyima haki yake, alitikisika. Alimfuata ofisini, akasimama upande kwa sababu ya lile kabati.

"Dada, lete mswada huu kwenye kamati kama ulivyo. Uprofesa huu hapa. Unastaafu karibuni, nafasi nyingine sijui kama ipo."

"Nitauleta nikishawasomea wenyewe."

"Na wakikataa?"

"Basi watakuwa wamekataa."

"Hiyo sio sayansi," akasema Bwana Miwani. "Hayo ni mambo ya mikutano ya harusi."

Tulikusanyika darasani katika shule ya msingi ya kule Juu, watu wazima tumebanwa kwenye madawati ya watoto, magoti kidevuni. Kwanini akasoma sura ya benchi tangu mwanzo hadi mwisho. Alipomaliza, watu wakainamia madawati. Nikafikiri wameguswa. Nilikuwa tayari nachagua kichwani kitambaa cha sherehe.

Jirani yetu, Mama Mapacha, ndiye aliyeanza. "Mwanangu, umeandika vizuri. Sasa toa."

"Mimi nimefukuzwa kazi za watu, nimetukanwa, hayo yaandike," akaendelea. "Lakini hapa umesema kweli moja mbaya. Hakuna aliyetuambia tukae. Tulikaa. Wajukuu zangu wasome kwamba bibi yao alijikalisha mwenyewe? Nitoe."

Mwingine akasema nitoe. Mwingine tena. Macho yote yakamgeukia mama, na mama alikuwa anaangalia mikono yake.

"Na mimi," akasema. "Nitoe."

Nikaruka. "Mama! Wewe huyu ni mtoto wako! Unajua anapoteza nini? Maisha yake yote ameyaweka kwenye hicho kitabu, leo unamkata miguu mlangoni!"

"Kaa," akaniambia Kwanini.

"Sikai!"

"Basi simama kimya." Akachukua kalamu, akapiga mstari kwenye kurasa, moja baada ya nyingine, bila haraka. Kisha akasema, "Asanteni," akafungua sura inayofuata. Mkono wa kushoto ulikuwa kwenye paja.

Kamati ilikaa. Kitabu kisicho na moyo kikaonekana chembamba, na uprofesa akapewa bwana mmoja aliyekuwa na vitabu vingi kuhusu watu aliowatembelea mara moja. Nilimsuka dada yangu wiki ile, na hasira zangu zote zikaishia kichwani mwake.

"Unanivuta," akasema.

"Nakuvuta akili irudi! Ungeiacha tu ile sura kitabuni. Nani angejua? Mama hasomi."

Akanitazama kwenye kioo. "Maisha yangu yote nalalamika kwamba watu wanaamuliwa mambo yao na wengine. Halafu na mimi niwaamulie, kwa kuwa nimesoma?"

Nilimaliza nywele zake taratibu. Kwenye shavu lake palikuwa na chozi, naye akasema ni mafuta ya nywele yamemwingia jichoni.

Mwezi uliofuata ilikuwa siku ya mama ya kupimwa presha. Nilimsindikiza. Mama Mapacha alikuwa ametangulia na wengine wa kule Juu, na nilipowaona kwa mbali nikadhani pametokea msiba, kwa sababu wote walikuwa wamesimama. Benchi lilikuwa tupu. Walikuwa wamelizunguka na kulitazama. Hawakuwa wamepanga chochote, hilo nimeuliza sana. Kila mmoja alifika, akataka kukaa kama kawaida, akakumbuka ilivyosomwa. Magoti yakakataa.

Mama naye alifika, akalitazama. Kisha akanishika mkono na kusema, "Miguu inaniuma. Twende ndani, kuna viti."

Akaingia. Mama Mapacha akaingia, na wote waliobaki wakafuata.

Karani alituona, kalamu ikamganda mkononi. "Mnataka nini humu?"

"Tunangoja," akajibu mama.

"Mnangoja humu?"

"Kwani hawa wanangojea wapi?"

Karani akafungua kinywa. Nilimwona akiitafuta hiyo amri kichwani, akipekua huku na huku, na hakuipata, kwa maana haikuwahi kuwapo. Akafunga kinywa. Mwanamke mmoja aliyevaa vizuri alinyanyuka kutoka kiti cha pembeni ya mama akahamia mbali. Mama akaweka mkoba wake pale. "Asante, mwanangu," akamwambia. "Huu nao umechoka." Mama Mapacha alicheka mpaka presha yake ikasomeka vibaya, ikabidi wampime upya.

Jioni mama aliniagiza nimpigie Kwanini. Akaishika simu kama anavyoishika siku zote, mbali na sikio na kwa kelele.

"Wewe! Ile sura ya benchi bado unayo?"

"Ninayo, mama, lakini nimeitoa. Usiwe na wasiwasi."

"Irudishe. Ulikuwa hujaifikisha mwisho."

Mama alidhani simu imekatika, akaendelea kuita halo, halo, mpaka nikamwambia mama, anasikia, anakusikia, mwache kidogo.

Aliandika ukurasa wa mwisho, akapanda Juu, akausoma. Mama Mapacha alidai usomwe mara ya pili kwa raha zake. Nafasi nyingine ya uprofesa ilipotokea kabla hajastaafu, mswada ukapelekwa tena, na chuo kikaupeleka kwa mtahini wa mbali, mama mmoja mkali asiyejua salamu. Huyo aliandika kwamba ameona watu wengi wakichunguza ubaguzi, ila ni mara ya kwanza kuona kazi iliyosomwa mbele ya waliobaguliwa mpaka wakainuka, na kwamba sababu ni ile desturi ya kuwarudia. Kamati haikuchukua muda. Barua ilipotoka, Bwana Miwani ndiye aliyeileta mwenyewe mpaka ofisini, akasimama upande, akasema, "Profesa." Dada anasema alisema vizuri. Mimi nilikuwa nimemwekea kinyongo, na kinyongo changu hakiishi kwa neno moja.

Sherehe ilikuwa nyumbani kwa mama. Tuliazima viti mtaa mzima na bado havikutosha. Kule hospitalini walikuwa wamelitupa lile benchi nyuma ya jengo, kwa kuwa hakuna aliyelikalia tena, na mama, ambaye hawezi kuona mbao nzima zikioza, alimtuma shemeji yangu akalichukua. Alikuwa analiwekea ndoo zake za maji uani.

Bwana Miwani alichelewa. Aliingia na suti yake na zawadi mkononi, akasalimia huku na huku, akatafuta pa kukaa. Viti vimejaa. Pale ukutani palikuwa na benchi, ndoo zimeondolewa kwa heshima ya siku. Hakujua ni lipi. Alilisoma kitabuni, likamtikisa, lakini hakuwahi kuliona. Akalielekea.

Nilimgusa Mama Mapacha kiwiko. Jamani, nilifurahi! Nilijiambia Mungu hamtupi mja wake: huyo anakwenda kukaa pale pale, mchana kweupe, na sisi wote tupo kwenye viti. Kwanini aliuona uso wangu, akafuata macho yangu, akaanza kuinuka kutoka kiti chake cha heshima.

Mama alimwahi. Alisimama na miguu yake ile inayouma, akamshika Bwana Miwani mkono kabla hajaketi, akamvuta mpaka kwenye kiti chake mwenyewe. "Kaa hapa, baba. Kule hapakaliwi."

"Mama, wewe utakaa wapi?"

"Nimekaa ya kutosha."

Nilimfuata jikoni nikiwa nimefura. "Mama, ungemwacha! Dakika moja tu! Aonje!"

Alikuwa anapanga vikombe kwenye sinia, na hakugeuka.

"Sikuinuka pale," akasema, "ili nimkalishe mwingine."

Kwanini alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Akaangalia huku na huku akitafuta kitu cha kuandikia, hakukiona, akaja kando ya mama na kuuliza kwa sauti ndogo, kama mwanafunzi:

"Mama, hilo naruhusiwa kuliandika?"