Hospitali Mbili Zilizokuja Kuposa

"Kijiji kizima hiki hakuna wa kuniziba mdomo," alisema Yassini, na aliyekuwa akiambiwa ni mbuzi.

Ilikuwa Jumanne, saa mbili asubuhi, nyuma ya kijiji cha Njinjo, msimu wa korosho. Yassini alikuwa amechuchumaa akikonyoa korosho kwenye mabibo. Dada yake Zakia, mwenye miaka kumi na sita, alikuwa amelala mkekani barazani, mguu wa kulia juu ya mto. Juu ya goti palikuwa na uvimbe kama chungwa. Daktari aliyeupiga picha alisema ni saratani ya mfupa, familia ichague hospitali upesi.

"Mbuzi kasikia," Zakia akasema. "Sasa kamwambie mjomba."

Mjomba Ridhiwani ndiye aliyekuwa na neno la mwisho. Baba yao alishafariki, na hata angekuwa hai, kwao watoto wa dada ni wa mjomba. Kwa wiki mbili mjomba alikuwa akilitafakari jambo hilo, hasa baada ya kula.

Saa tatu zikafika hospitali mbili. Zilikuja taratibu kwa barabara ya vumbi, zikapisha pikipiki, zikaingia shambani na kusimama katikati ya mikorosho bila kuvunja tawi. Mama yao, Hamida, akatoka na ufagio akafagia mbele ya milango yote miwili. Mgeni ni mgeni.

Ya kwanza ilikuwa imebanduka rangi, na wagonjwa wake walilala wawili wawili kitandani. Lakini ilikuwa na mashine ya mionzi na daktari wa saratani, ambaye alionekana dirishani akila muhogo kwa haraka. Ya pili ilikuwa na vioo vya bluu, maua mlangoni na televisheni kubwa.

Muuguzi wa ile ya kwanza, aliyeitwa Rosemary, akatoa mkono dirishani na barua iliyofungwa kwenye leso nyeupe. Katika ile ya vioo, kijana mwenye tai akatoa ya kwake kwenye leso ya hariri iliyonukia udi.

"Tumekuja kwa ajili ya Zakia," alisema Rosemary. "Mkisema ndiyo leo, dawa zinaanza leo. Ndani ya wiki tatu mguu unaweza kubaki. Zikipita hizo, siahidi."

"Ndiyo," Zakia akaitikia kutoka mkekani. "Nimeikubali hiyo iliyobanduka."

Mjomba Ridhiwani, aliyekuwa ameshafika na kanzu yake ya Ijumaa, akacheka kwa upole. "Mwali hajibu posa, mwanangu. Na posa haijibiwi siku hiyo hiyo. Wataona tumemchoka."

"Ana miaka kumi na sita," Rosemary akasema. "Ndiyo ya ndugu yeyote mtu mzima inanitosha."

Mama Hamida akafungua mdomo. Mjomba akamwambia wageni hawajanywa uji, naye akaenda jikoni. Rosemary akamgeukia Yassini.

"Kaka, una miaka mingapi?"

"Ishirini na mbili."

"Basi unatosha. Sema."

Yassini akamtazama mjomba, akaitazama kanzu. "Mimi mchezaji wa akiba tu, dada," akasema. "Kocha yule pale."

Majirani waliokuja kuangalia wakacheka sana. Rosemary hakucheka. Mjomba akazipokea barua zote mbili, akasema, "Tumepokea. Tutawajibu."

Hospitali zikasubiri. Wiki ya kwanza mjomba alitaka kujua zimetoka ukoo gani, na kama ndani wanaswali. Wiki ya pili ikabidi amngoje baba mkubwa kutoka Kilangala, naye baba mkubwa alikuwa na korosho zake mnadani. Kuku wa Mama Hamida akaatamia mayai kwenye dirisha la dawa la ile iliyobanduka, na watu wakachukua dawa kwa kumzunguka. Kutoka mkeka wa Zakia hadi mlango ule zilikuwa hatua kumi na mbili. Kila asubuhi Rosemary aliufungua, akamtazama Zakia, na kila asubuhi watu wazima wa nyumba ile walikuwa na kazi nyingine. Uvimbe ukawa kama embe dodo.

Kijiweni Yassini alikuwa simba. Siku ya kumi aliwaambia vijana wenzake, "Leo namvaa mjomba," akaenda, akamkuta amekaa na wazee.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Una neno?"

"Hapana. Nimekuja kuuliza kama kahawa imewatosha."

Haikuwa imewatosha. Akaenda kuichemsha.

Siku ya ishirini na nne mjomba akatoa jibu: ile ya vioo. Zakia akabebwa kwa vigelegele, amefunikwa khanga mpya. Wakaingia mapokezi, wakapita televisheni, wakafuata korido ndefu yenye marumaru nyeupe hadi mwisho. Mwisho palikuwa na mlango. Wakaufungua wakajikuta nje, kwenye mikorosho.

"Daktari yuko wapi?" akauliza Mama Hamida.

"Anatarajiwa," alisema kijana mwenye tai.

Mjomba akasema marumaru zile, kwa kweli, ni za hali ya juu.

Ndipo wakampeleka ile iliyobanduka. Mgonjwa aitwaye Mboni akasogea ukutani, Zakia akalazwa kando yake. Daktari akaweka muhogo chini, akanawa, akaupima mguu, kisha akasikiliza kifua kwa muda mrefu kuliko alivyoupima mguu. Akasema mguu utakatwa Alhamisi ijayo. Kuhusu kifua wataongea baadaye.

Nje, mtu kutoka Mitole alikuwa amekuja kumwomba mjomba ushauri, maana mwanawe ameota uvimbe shingoni na kuna hospitali imesimama uani kwake tangu juzi. Sauti ya mjomba iliingia dirishani vizuri kabisa: "Usijibu upesi. Jiheshimu."

Rosemary akavuta fomu. "Sababu ya kuchelewa?"

Yassini akakohoa. "Andika, dada, kaka wa mgonjwa alipinga. Siku ile ya kwanza nilisimama mbele ya wazee. Nikamwambia mjomba, huyu ni mtu, si mahari. Nikamwambia nampeleka leo, utake usitake. Wakanishika watu wanne..."

Rosemary hakuandika. Kwenye fomu sababu ilikuwa imeshachapwa, *ndugu walikuwa wakishauriana*, na hapakuwa na nafasi ya sababu nyingine. Akaweka tiki.

"Wanne, wenye nguvu," Yassini akaongeza.

"Kaka Yassini," alisema Zakia, macho yake darini. "Nilikuwa nimelala pale. Sikuwa nimekufa."