Bawaba Tatu za Nje

Mimi ni mwoga, nasema mapema tusije tukalaumiana. Ningekuwa jasiri nisingekaa miaka minne kwenye karakana ya mjomba nikipiga randa mbao za wateja wake. Siku mteja wangu wa kwanza alipoingia, nilitamani kujificha nyuma ya makopo ya gundi.

Alikuwa fundi cherehani wa mtaa wa nyuma, dada mwembamba mwenye tepu ya kupimia shingoni. Mjomba alikuwa amezidiwa na kazi, akaninyooshea kidole. "Huyo wako. Kazi yako, jina lako."

"Nataka mlango," dada akasema. "Usiovunjika."

"Dada, mlango wowote ukipigwa sana..."

"Mtalaka wangu ameshavunja miwili. Ameapa wa tatu hatauvunja, ataufungua taratibu." Hakupandisha sauti, utadhani anaagiza vifungo. Aliyetokwa jasho ni mimi.

Chumba chake kilikuwa kidogo, na meza ya cherehani ilikaa karibu sana na kizingiti, kwa hiyo nikaufanya mlango ufungukie nje. Mbao nene, makomeo mawili ya ndani, kitasa kipya. Siku ya kuupachika niliupiga teke mbele yake mpaka kisigino kikauma. Akacheka, nikaona ana mwanya. "Leo nitalala," akasema. Aisee, nilirudi kifua mbele, natembea katikati ya barabara.

Siku ya tatu asubuhi mjomba akaniuliza, huku ananoa patasi, "Ule mlango unafungukia wapi?"

"Nje."

"Na pini za bawaba?"

Nikaweka randa chini. Pini ni kile kichuma kinachoshikanisha pande mbili za bawaba. Ukikichomoa, mlango unatoka wenyewe, hata makomeo yakiwa yamefungwa. Na mlango ukifungukia nje, pini nazo zinakaa nje. Bawaba tatu, pini tatu, nyundo moja na msumari. Ataufungua taratibu.

"Mjinga wewe," mjomba akasema, na hakuwa anatania. "Nenda ukamwambie sasa hivi."

Kumwambia! Mtu amelala usiku mbili kwa neno langu, leo nikamwambie nini? Nikakumbuka kwamba Alhamisi huwa anakwenda kununua vitambaa, na hiyo ilikuwa Alhamisi. Nitautoa mlango, nipigilie vipande vya nondo ubavuni mwake, upande wa bawaba, viingie kwenye matundu ya fremu. Hapo hata pini zikichomolewa hautoki. Atarudi, hatajua kitu. Ndiyo akili ya mwoga hiyo.

Nilipofika niligonga kwa kidole, mara mbili, bila hodi, nisije nikaamsha maswali ya majirani. Kimya. Nikapiga magoti, nikaweka msumari chini ya pini ya chini, nikagonga polepole. Ikapanda. Ya kati ilikaza, nikaitia mafuta, nayo ikatoka.

Nilipogusa ya juu, sauti ikatoka ndani, karibu kabisa na sikio langu.

"Chukua cherehani. Chukua vyote. Usiniue tu."

Nyundo ikaniangukia mguuni, sikuisikia. Mama yangu! Alikuwemo muda wote, anahesabu pini zangu.

"Dada, ni mimi! Fundi! Fundi wa mlango!" Nilikuwa nalia bila aibu. "Nimekosea, bawaba ziko nje! Nilikuja kurekebisha, niliogopa kukwambia!"

Kisha komeo moja, komeo la pili, kitasa. Mlango ukaning'inia kwa bawaba moja. Alisimama ameshika mkasi wa kukatia nguo kwa mikono miwili, na gauni lake lilikuwa limelowa kwa mbele. Nikaangalia pembeni.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi na mjomba tu."

"Rekebisha."

Akaketi kwenye kiti cha cherehani, mkasi mapajani, hakuondoa macho kwenye mikono yangu. Nilitoboa, nikapigilia nondo, nikatoboa fremu, nikajaribu, nikatoboa tena maana tundu moja nililikosea. Nilimwomba radhi mara nne au tano. Kila mara alininyooshea mkasi kwenye nondo.

Nilipomaliza akanitoa nje, akafunga komeo la juu. "Chomoa pini zote," akasema kutoka ndani.

Nikazichomoa.

"Sasa piga. Kama yeye."

"Dada, mimi siwezi..."

"Piga!"

Nikapiga kwa bega. Nikapiga teke. Nikauvuta kwa upande wa bawaba kwa nguvu zangu zote. Mlango haukusogea. "Tena," akasema, nami nikapiga tena, machozi yananitoka, mpaka jirani akachungulia dirishani akaniona nilivyo, mwanaume mzima anashambulia mlango wa mwanamke. Akafunga dirisha lake haraka.

Nikarudisha pini moja moja. Nikajifuta uso, nikasimama sawasawa, nikabisha kama mtu aliyelelewa.

"Hodi, dada. Ni fundi."

Nikasubiri anikaribishe. Nilichosikia ni komeo la chini, likisukumwa mpaka mwisho.