Boliti ya Nane

“Mama Spana, hivi ni kweli boliti za kazini kwenu zinasema?” jirani aliwahi kumuuliza, wakianua nguo.

“Zinasema,” alijibu, “lakini nyingi zinasema upuuzi.”

Ndivyo ilivyokuwa katika karakana ile ya mitambo mizito. Boliti ilishika maneno yaliyosemwa wakati wa kuikaza, na siku ya kufunguliwa iliyatoa kwa sauti ya aliyeyasema. Mara nyingi kilikuwa kikohozi, au tusi la mtu aliyejigonga kidole, au nusu ya wimbo. Mafundi hawakuinua hata macho. Walijua pia kwamba boliti ikigoma sana si kutu peke yake. Imeshika neno zito. Ukiikata kwa gesi, inatoa moshi tu.

Asubuhi hiyo silinda ya mkono wa mtambo wa kuchimbia ililazwa juu ya magogo mawili. Ilikuwa imekaa uani mwaka mzima chini ya turubai. Aliyeifunga mara ya mwisho ni mume wa Mama Spana. Kesho yake kifuniko cha silinda kilifunuka upande mmoja, mkono wa mtambo ukashuka, naye alikuwa chini yake. Bosi aliandika kwenye ripoti: fundi hakukaza. Tangu hapo watu walimpa mjane pole wakitazama pembeni, kama wanaompa pole mama wa mwizi.

Kifuniko kilikuwa na boliti nane. Nne zilikatika siku ile, na zilichosema kilimezwa na kishindo. Katika nne zilizobaki, tatu zilifunguka kabla ya chai. Moja ilikohoa. Nyingine ikasema kwa sauti ya marehemu, “Nipe kitambaa.” Ya tatu ilihesabu mizunguko mpaka tisa, sauti ile ile, bila haraka. Mama Spana alifuta mikono, akaendelea.

Ya nane ikagoma.

“Mtambo unasubiriwa,” bosi alisema. “Saa sita kamili nakuja na gesi.”

Mama Spana aliimwagia mafuta, akaigonga kichwani polepole, akapasha moto chuma kinachoizunguka, akaacha kipoe. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alivika bomba kwenye mpini wa spana akaning’inia kwa uzito wake wote. Spana iliteleza, ngozi ya vidole ikabaki kwenye chuma.

“Shemeji, tuikate tu,” alisema akinyonya damu. “Unataka kusikia nini?”

“Alichosema.”

“Na kama alikosea kweli?”

“Basi nijue namwombea mtu wa namna gani.”

Saa sita kasorobo walisikia magurudumu ya kigari cha mitungi yakikwaruza sakafu ya uani.

“Usiifungue,” Mama Spana alisema. “Ikaze kwanza. Kidogo tu.”

Ndivyo marehemu alivyofanya siku zote: boliti inayokataa, aliipa kwanza inachotaka. Shemeji aliikaza upana wa ukucha. Kutu ikalia, ka! Akarudisha. Akakaza tena, akarudisha. Bosi aliingia, akavaa miwani, akawasha gesi. Moto ulitoka wa njano, akaupunguza mpaka ukawa wa bluu, akausogeza. Mama Spana hakuondoa mkono wake kwenye spana.

Boliti ikazunguka.

“Bosi, boliti hizi zimevutika,” ilisema kwa sauti ya marehemu. “Shingo zimekonda. Zitakatika.”

“Kaza hivyo hivyo,” ilisema kwa sauti ya bosi. “Hutaki, mlango ule pale.”

Kisha ikatoa pumzi ya mtu anayekaza, na kunyamaza.

Bosi alifunga gesi. “Haya, imefunguka. Afadhali tumeokoa muda.”

“Na ripoti?” Mama Spana aliuliza.

“Ripoti ilishapelekwa, mama. Wekeni sili mpya za kuzuia mafuta. Boliti rudisheni hizi hizi nne, na nne nyingine ng’oeni kwenye lile gofu la mtambo lililo nje.”

Saa tisa kifuniko kilikuwa tayari mahali pake. Bosi alisimama mwenyewe kichwani mwa silinda.

“Kazeni kimya,” alisema. “Sitaki mtu afungue mdomo.”

Shemeji alikaza saba bila kumtazama mtu. Alikuwa na watoto wanne. Hata mafundi waliokuwa na mafua walijizuia kukohoa. Alipofika ya nane, mzunguko wa mwisho, Mama Spana aliinama mpaka midomo yake ikakaribia chuma.

“Boliti nne hapa ni zile zile za siku aliyokufa mume wangu,” alisema, kwa sauti ya kusoma barua. “Bosi anajua. Amesimama hapa.”

“Ifungue hiyo!” bosi alisema. “Uikaze upya.”

Shemeji aligeuza spana. Akavika bomba, akaning’inia. Akaikaza kidogo kwanza, akarudisha. Spana iliteleza.

“Imegoma,” alisema.

Bosi alitazama saa. Nje lori lilikuwa limeshawashwa.

“Basi ipakieni hivyo hivyo.”

Wanaume sita wakainama, wakaishika silinda. Mama Spana alivua ovaroli, akaikunja mara mbili, akaiweka juu ya magogo yaliyobaki matupu, akatoka.